Kwa Nini Mtoko wa Marafiki Hufia Kwenye Kundi la WhatsApp

Wengi wanaotupigia kutaka tuwakatie tiketi za kundi huanza na malalamiko yaleyale: wamepanga kutoka tangu mwezi uliopita na hawafiki popote. Ukionyeshwa mazungumzo yao unaelewa mara moja. Mmoja kauliza, "Jamani, Jumamosi tuingie sinema?" Watano wakaweka kidole gumba. Mwingine akauliza filamu gani, yakamwagika majina manne. Akatokea anayetaka tamthilia ya jukwaani, na mwenzake akaandika, "Mimi popote tu." Jumamosi ikafika, kila mtu yuko kwake amelala.

Watu hudhani kikwazo ni pesa au muda. Kwa tunavyoona sisi, mara nyingi vyote viwili vipo, ila hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kuamua. (Huyo wa "popote tu" ndiye mgumu kuliko wote, maana ukimpeleka popote ananuna.) Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mteja ni hili: nani mwenye kauli ya mwisho? Kundi likishamtaja, tunazungumza na huyo peke yake.

Kisha tunaanza na tarehe. Filamu mnaweza kubishania hata wiki nzima, lakini katika jiji kubwa usiku ambao wote mko huru ni adimu: mmoja ana zamu, mwingine anaishi upande wa pili wa jiji, wa tatu ana mtoto mchanga. Tunaomba tarehe tatu, tunafunga moja, tunaweka siku ya mwisho ya kulipa. Asiyelipa kufikia siku hiyo hana kiti. Rafiki akimwambia rafiki yake maneno hayo panazuka ugomvi, ila yakitoka kwetu yanapokewa vizuri tu. Kwa maoni yetu, hiyo peke yake ni nusu ya kazi mnayotulipa.

Sasa viti, maana hapa ndipo watu hujinyima raha bila kujua. Kundi la watu wanane likiingia kwenye mfumo wa tiketi hutafuta viti vinane mfululizo. Viti vya namna hiyo vikibaki, huwa viko mbele kabisa au ukingoni. Basi mnakaa pamoja, shingo zinauma, na aliye kiti cha kwanza hawezi kumnong'oneza kitu aliye kiti cha nane. Sisi huwagawa: wanne safu moja, wanne safu ya nyuma yao. Viti vinne vya katikati hupatikana kwa urahisi zaidi, na ukweli ni kwamba mnakuwa karibu kuliko mngekaa kwenye mstari mmoja mrefu.

Kwenye sinema tunalenga katikati, takriban theluthi mbili ya ukumbi ukihesabu kutoka kwenye skrini. Sababu kubwa ni sauti. Mafundi wanaochanganya sauti ya filamu hukaa karibu na umbali huo katika ukumbi wao wa kazi, na spika za sinema hurekebishwa kwa kupima sauti kwenye eneo hilo. Mazungumzo ya waigizaji hutoka zaidi kwenye spika ya kati iliyo nyuma ya skrini, ilhali spika za ukutani hubeba mvua, magari na kelele za umati. Ukibanwa ukutani, mvua inakufikia kabla ya maneno.

Jukwaani kanuni hiyo haifai. Hakuna kamera ya kukusogezea uso wa mwigizaji, kwa hiyo kwa tamthilia ya maneno tunawapeleka karibu, safu chache kutoka mbele. Safu ya kwanza tunaikwepa iwapo jukwaa liko juu, la sivyo mtaona videvu na msione miguu. Kwa maonyesho ya dansi na muziki tunapenda safu ya mbele ya roshani, kwa sababu mpangilio wa wachezaji unasomeka vizuri ukiutazama kutoka juu. Kumbi za zamani zina nguzo, na kiti cha bei nafuu ajabu mara nyingi kina nguzo yake. Tunaangalia ramani ya viti kabla ya kulipa. Zipo pia nafasi za kusimama: ukumbi wa Globe wa London, uliofunguliwa upya mwaka 1997, una uwanja wa watu wapatao 700 wasio na viti. Ni raha kwa walio na miguu imara. Mwenye magoti mabovu atuambie mapema.

Tunaulizwa sana kuhusu tiketi za punguzo za siku hiyohiyo. Zipo kweli. Kibanda cha TKTS pale Times Square, New York, kimekuwa kikiziuza tangu mwaka 1973. Mkiwa wawili, nendeni mkajaribu bahati, wala hamtuhitaji. Mkiwa wanane, mtagawanywa pande zote za ukumbi au mtarudi mikono mitupu.

Kuchelewa nako kuna sura mbili. Kwenye sinema utapapasa gizani na kukanyaga watu, basi. Kwenye tamthilia unaweza kuzuiwa mlangoni mpaka onyesho lifike mahali panaporuhusu, pengine hadi mapumziko. Ndiyo maana saa tunayowaandikia ni ya kukutana, na tunaiweka mapema kwa makusudi. Hatuombi radhi kwa hilo.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni baada ya onyesho. Mmekaa saa mbili na zaidi kimya, mkitazama upande mmoja, na mengi ya kusema yanawawasha. Ikiwa onyesho linaisha dakika chache kabla ya treni ya mwisho, mtaagana mbiombio barabarani. Kwa makundi tunapendelea onyesho la jioni mapema au la mchana, na tunatafuta pa kukaa pa kufikika kwa miguu, pasipo na muziki wa kuwalazimisha kupiga kelele.

Na anayejitoa dakika za mwisho? Tiketi nyingi za jukwaani hazirudishiwi pesa, ila kwa kawaida mtu mwingine anaweza kuzitumia. Kwa hiyo tunamwomba kila kiongozi wa kundi atupe jina moja la akiba. Katika ombi lenu andikeni pia idadi ya watu, tarehe tatu, kiwango cha juu ambacho asiye na pesa nyingi kati yenu anaweza kulipa, na kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu, kwa kuwa nafasi hizo ni chache na huisha mapema.