Andazi la tatu lilikwenda wapi? Barua kwa wajukuu zangu wa kijiwe cha bodaboda, Ngamiani, Tanga

Assalamu aleikum wajukuu zangu, na ninyi mnaoitikia Bwana asifiwe, salamu zenu zimo humuhumu.

Anayewaandikia ni Bibi yenu wa mbaazi. Mimi nasema, mjukuu wangu anachapa kwenye simu, kwa hiyo mkikuta neno la kisasa mjue ni lake. Nimetaka barua hii iwe wazi, kila apitaye aisome, kwa sababu jambo lenyewe halikuanza faraghani. Lilianza kibandani kwangu, Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele za watu.

Mmoja wenu, jina namsitiri, alikaa kwenye benchi, bakuli la mbaazi mapajani, simu mkono wa kushoto. Akala. Alipomaliza akainua kichwa akaniuliza, "Bibi, nimekula maandazi mangapi?" Nikamwambia matatu. Akabisha. Akaapa kwamba ni mawili. Wenzake wakamhesabia mpaka akakubali, akalipa, tukacheka sote. Lakini niliporudi ndani kuosha sufuria kicheko kikanitoka. Andazi zima lilipita kinywani mwa kijana mwenye meno yake yote, na hakuna aliyelila.

Nikatoka nikawaambia: wanangu, chakula kinataka shukrani. Hapo mwingine akanijibu, tena kwa adabu, sina ugomvi naye: "Bibi, shukrani hailipi hesabu ya tajiri." Mkaitikia wote kama dua imeombwa. Mimi nikanyamaza. Jibu lake nimelala nalo siku nne sasa.

Kwanza niseme, ana haki. Pikipiki si yake. Jioni ikifika tajiri anataka hesabu yake, abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Mtu wa hali hiyo ukimwambia "shukuru", anasikia "nyamaza". Na mimi najua neno hilo linavyoweza kutumiwa kumfunga mtu mdomo, kwani limetumika nyumbani kwangu.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkata mkonge. Shamba silitaji. Niliingia kambini bibi harusi mwaka 1971, natokea Pangani, nikakuta safu za mkonge zinakwenda mpaka macho yanachoka. Pangani hukohuko kwetu ndiko mkonge ulikoanzia. Uliletwa mwaka 1893, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62, kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Watu wa rika langu tumezaliwa na kukua tukiambiwa kwamba mkonge ni dhahabu. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mengine yakafuata ambayo wenye elimu wanayaeleza vizuri kuliko mimi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inahangaika kupata tani 20,000.

Sasa katika kuanguka huko mishahara ilikuwa inachelewa. Msimamizi mmoja alikuwa anasimama ngazi ya juu kabisa ya ofisi, watu wako chini juani, anasema, "Shukuruni mna kazi." Wakashukuru. Mwaka 1987 tukafungasha sufuria na magodoro tukahamia hapa Ngamiani, na kiinua mgongo kikaja kidogokidogo mpaka tukakisahau.

Kwa hiyo nielewane nanyi mapema. Shukrani ya ngazi ya juu siitaki hata kuisikia. Tajiri akikuzidishia hesabu, mwambie. Mkiona mnaonewa, kaeni pamoja mseme kwa sauti moja, maana mume wangu na wenzake walichelewa kufanya hivyo. Chai yako ya asubuhi hiyo haitapungua utamu kwa kuwa umedai haki yako.

Mimi nasema habari ya andazi.

Mkonge una jambo ambalo watu wa mjini hawalijui. Jani lile mnaloliona nene, zito, lenye mwiba nchani, likipita kwenye korona, yaani mashine ya kulichana, singa, yaani nyuzi zake, zinazotoka hazizidi sehemu nne au tano katika mia. Zilizobaki ni maji na makapi, yana harufu ukiizoea hata huisikii. Nilipoona mara ya kwanza nilimwambia mume wangu, huu si uharibifu? Mtu akate, afunge mafungu, abebe, kumbe amebeba makapi! Akanicheka. Akasema pale koronani hakuna anayeangalia makapi, yana mfereji wake. Jicho liko kwenye singa, zinavyotoka mbichi, za kijani, zikaoshwe na kuanikwa juani mpaka ziwe nyeupe.

Nimeishi miaka mingi, nami siku zangu nyingi zimekuwa na kipimo hichohicho. Sehemu nne, tano. Wala sisemi kwamba makapi si makapi. Yananuka, nimeyanusa.

Niwaambie singa moja. Maji ya mkonge yanawasha. Mtu akishinda shambani anarudi mikono na shingo inamwuma kama kapitiwa na siafu. Kuni zilikuwa za kutafuta, basi saa sita mchana mimi nilikuwa naweka karai la maji uani, palipo na jua kali, nalifunika kwa kipande cha bati. Saa kumi akirudi maji yana uvuguvugu. Anaoga, anavaa kikoi chake, anakaa barazani. Mume wangu hakuwa mtu wa "ahsante". Watu wa zamani, mnajua. Lakini kila jioni, akishakaa, alikuwa anasema neno moja: "Leo maji yamekaa sawa." Siku nyingine: "Leo yalikuwa moto kidogo, jua lilikuwa kali, eh?" Siku ya mawingu: "Leo ya baridi, lakini nimeoga."

Miaka kumi na sita ya kambini. Harusi yangu nimeisahau nusu, hata nani alipika pilau sikumbuki. Maji yale nayakumbuka jioni moja moja. Na nilichelewa kufahamu kwamba yule mtu alikuwa ananishukuru, tena kuliko wanaosema ahsante mia, kwa sababu alikuwa ameyaonja. Huwezi kusema maji yamekaa sawa kama uliyajimwagia huku mawazo yapo kwingine.

Hapa ndipo ninapowashika. Sisi Waswahili midomo yetu imejaa shukrani. Hujambo? Alhamdulillahi. Watoto? Alhamdulillahi. Kazi? Tunamshukuru Mungu. Na mtu akishamaliza anakaa chini anaanza kulalamika kuanzia adhuhuri mpaka magharibi. Mimi mwenyewe nimo. Tunaitamka kama mtu anayepiga chafya. Katika Surat Rahman swali la neema za Mola linarudiwa mara 31, ni neema ipi mnayoikanusha, na kila likirudi limetanguliwa na jambo lake. Tangu nilipofundishwa chuoni nilikuwa nadhani ni kwa ajili ya uzuri wa kisomo. Uzeeni ndiyo naona kwamba ni kuorodheshewa moja moja, usije ukasema "kwa yote" ukakwepa.

Basi nawaorodhesheeni bakuli lenu. Mbaazi naziloweka magharibi. Saa tisa usiku niko macho, nakuna nazi juu ya mbuzi, goti hili la kulia linalia kuliko nazi. Tui la kwanza naliweka kando, yale mepesi ndiyo yanachemkia mbaazi. Tui zito linaingia mwisho kabisa, na likishaingia huondoki: unalichota kwa upawa unalimimina tena, juu chini, ukizubaa tu linakatika, na mbaazi zenye tui lililokatika hata paka wa Makorora hali. Iliki ya kwenye maandazi inashuka kutoka Amani, milimani kule Muheza. Nazi kuna mtu kaipanda mnazi kwa miguu yake. Mbaazi zimetoka Handeni na gunia likatupwa stendi usiku. Na kutoka stendi?

Kutoka stendi aliniletea mmoja wenu. Wiki tatu zilizopita, mvua inanyesha, akalifunga gunia kwa mpira nyuma ya pikipiki, akalifunika koti lake mwenyewe, yeye akalowa chapa. Akakataa nauli. Nikamwambia "haya, ahsante" huku nahesabu kama debe limetimia. Sikumtazama usoni. Kijana huyo ndiye yuleyule wa hesabu ya tajiri. Mnaona aibu ya mtu mzima? Mimi ninayedai shukrani ya andazi, gunia zima nililila kama yeye alivyokula lile la tatu. Mwanangu, koti lako siku ile lilikuwa la kijani, mkono wake mmoja umechanika begani. Mbaazi zilifika kavu zote, hata punje haikulowa. Nimechelewa kukwambia.

Naombeni basi jambo dogo. Sisemi mwache simu, najua wateja siku hizi wanapiga. Andazi la kwanza tu, lile la moto, lile peke yake lipeni macho. Mengine fanyeni mtakavyo. Na kama kuna kitu kimekupendeza, mwambie aliyekifanya, na umtajie chenyewe. Mwambie muuza kahawa kwamba leo kaipika chungu sawasawa, na kashata yake haijaungua. Mwambie mkeo shati kalinyoosha kola vizuri. "Ahsante kwa kila kitu" mnaweza kuniwekea nikifa.

Wapo kati yenu wanaosubiri kubwa. Pikipiki yako mwenyewe, nyumba Pongwe, au timu yetu ya Coastal ichukue tena ubingwa. Subirini, mimi siwakatazi. Mwaka 1988 Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Bara mume wangu alirudi nyumbani hana sauti, shati halina kifungo hata kimoja, akanibeba uani kama mtoto na mimba yangu ya miezi saba. Ilikuwa furaha kubwa, wallahi. Akaingoja nyingine hivyo mpaka akafa, na sisi tunaoendelea kuisubiri tunaendelea. Katikati hapo kulikuwa na jioni nyingi sana za kukaa barazani.

Na jambo moja nisilipite. Mwenzenu akiwa msibani msimwendee na maneno ya kushukuru. Mume wangu alipofariki walikuja watu wema wakaniambia, "Shukuru, hakuteseka." "Shukuru, watoto wamekua." Kila mmoja nilitamani kumpiga kanga ya uso. Jirani yangu mmoja, Mchaga wa mtaa wa nyuma, hata kutufariji kwa Kiislamu hakujua, alileta chupa ya chai ya tangawizi, akamimina, akakaa kwenye mkeka pembeni yangu hakusema kitu. Kesho yake akaleta tena. Siku ya tisa au ya kumi hivi nikajikuta nimeisikia ile tangawizi. Imesagwa, haikukatwa. Nikamwambia, "Mama, unaisaga?" Akasema, "Kwenye kinu." Tukaanza kuongea hapo, na hatujamaliza mpaka leo.

Haikuamriwa na mtu. Shukrani ilirudi yenyewe kupitia ulimi, na nadhani ingechelewa zaidi kama wale wa "shukuru" wangeendelea kuja.

Ninyi mna singa zenu ambazo mimi sizijui. Nawaona alfajiri mkitoka bila abiria kuelekea Raskazone, umande unatoka nchi kavu, barabara tupu, mtu kafungua kifua cha koti kama tanga. Mnarudi nyuso zimekunjuka. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiisema safari hiyo. Mnarudi mnasema foleni, trafiki, na bei ya mafuta. Siku moja mwenye kuijua aje aniambie, maana kwa goti hili sitapanda pikipiki tena.

Mjukuu wangu ananiambia betri inaisha. Kesho nitapika mbaazi na pia vitumbua, unga wa mchele nimeshautwanga. Saa moja kasoro njooni, zikiisha zimeisha, simwekei mtu. Yule wa andazi la tatu ajue nimemwandalia nafasi mwisho wa benchi, karibu na jiko, niwe namhesabia kwa sauti. Na aliyeondoka na bakuli langu la bluu la bati tangu wiki jana, alirudishe, lile nilinunua na mume wangu.

Bibi yenu wa mbaazi,
Ngamiani, Tanga