Ndugu wa Bukoba, msitubebee machipukizi ya migomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu zangu ambao kila wakija kututembelea Ujerumani hubeba vikonyo vya mchaichai, magimbi ya mbegu, hata chipukizi la mgomba lililoviringishwa kwenye khanga kuukuu. Nia ni njema, lakini tangu Desemba 14, 2019 mmea hai wowote, pamoja na mbegu za kupanda, hauingii Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, hata ukiwa mmoja ndani ya begi la mkononi. Udongo ndio kabisa. Matunda yaliyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Ndizi basi leteni, tena za kutosha!

Ninashangaa Wahaya wenzangu wanapoita sheria hii usumbufu. Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulipoingia kwenye vibanja vyetu, si tulikatazwa kuchukua machipukizi kwa jirani? Hata panga lilipitishwa motoni kwanza.

Tena hakuna haja. Hapa Leipzig mchaichai nanunua kwa Wavietnamu, natumbukiza shina kwenye glasi ya maji mpaka litoe mizizi. Magimbi ya dukani nayo yanachipua. Wazee wa bustani huku hawatoi mche wa joto nje kabla ya Mei 15, sikukuu ya Mtakatifu Sofia, ambaye wao humwita Sofia wa baridi, nami nawafuata. Oktoba, umande ukikaribia kuganda, mchaichai unarudi dirishani. Magimbi nachimbua, nakausha, nayahifadhi kwenye maranda katika stoo ya chini ya nyumba.

Mgomba ndio wenye kazi. Wangu ni ule wa Kijapani, Musa basjoo. Baridi ikishababua majani nayakata, shina nalibakiza usawa wa kiuno, nalizungushia wavu wa kuku na kujaza majani makavu hadi juu. Turubai nafunika juu tu, ubavuni naacha hewa ipite. Watu huogopa theluji, kumbe adui mkubwa ni maji yakiingia katikati ya shina likaoza. Aprili nafungua na kukata pale palipolainika na kunuka, kipande kwa kipande, mpaka nikute peupe pagumu. Baada ya siku chache jani jipya linachomoza papo hapo katikati. Hata shina likifa lote, kwa kawaida mizizi huchipua upya.

Matunda yake ni mbegu tupu, hayaliki. Mimi nataka majani ya kufunikia ndizi sufuriani.

Anayetaka kweli kuleta mche, apite kwanza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kabla ya safari. Wengine leteni kahawa iliyokaangwa.

Mhaya wa Leipzig,
Ujerumani