Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Tume ya Uchaguzi ya Nepal: Kura 125 za Kathmandu-1

Doha, Februari 2023

Mheshimiwa,

Mimi ni Mkenya, mlinzi wa usiku hapa Doha, na sina uraia wala kura katika nchi yako. Hata hivyo, chumba changu ninakaa na Wanepali watatu, na mmoja wao ni mzaliwa wa Baneshwor, ndani ya eneo bunge la Kathmandu-1. Kwa masimulizi yake ya usiku baada ya usiku, nimelijua eneo bunge hilo pengine kuliko hata la kwetu. Naandika kuomba Wanepali walio nje wapewe nafasi ya kupiga kura, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kupangia hoja bila kujikwaa. Yeye ameahidi kukutafsiria.

Tarehe 9 Agosti 2022 nilitoka zamu alfajiri na kwenda moja kwa moja kituoni nikiwa bado na sare. Karani aliweka kidole changu kwenye mashine, jina langu likatokea, nikapewa karatasi moja ya urais, kisha kidole kikapakwa wino. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Wakenya wa Qatar kupiga kura wakiwa huku huku. Wenzangu wa chumbani walikishika kile kidole wakakigeuza geuza kama watu wanaokagua bidhaa ya dukani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Novemba, siku ileile ambayo Kombe la Dunia lilifunguliwa hapa, Nepal nayo ilipiga kura, nao wakakaa vitandani wakifuatilia kwenye simu.

Hesabu ya Kathmandu-1 ilipofungwa, Prakash Man Singh wa chama cha Nepali Congress alikuwa na kura 7,143, na Rabindra Mishra, mwanahabari wa zamani aliyegombea safari hii kwa tiketi ya chama cha Rastriya Prajatantra, alikuwa na 7,018. Tofauti ni 125. Mwaka 2017 watu hawa wawili walikuwa wamekutana papo hapo, Mishra akiwa na chama kingine, na pengo likawa 818. Sisemi kwamba Singh hakushinda kihalali, wala sijui mwenzangu angempa nani kura yake, maana hilo hajaniambia na mimi sijamuuliza. Ninachosema ni kwamba katika mabweni ya Ghuba, watu 125 ni sakafu mbili tu za jengo moja.

Eneo bunge hili halijawahi kuwa la mchezo. Mei 1991, katika uchaguzi wa kwanza baada ya mfumo wa Panchayat, utawala wa mfalme usioruhusu vyama, kuanguka, Waziri Mkuu wa mpito Krishna Prasad Bhattarai, ambaye serikali yake ndiyo iliyosimamia katiba mpya na uchaguzi wenyewe, aligombea hapo na kuangushwa na Madan Bhandari, katibu mkuu wa chama cha kikomunisti cha UML. Katika historia ya nchi nyingi, zikiwemo za kwetu, ni nadra mno kumwona mkuu wa serikali akiandaa uchaguzi, akashindwa katika eneo bunge lake mwenyewe, na akakubali. Mke na mwana wa Ganesh Man Singh, kiongozi wa vuguvugu la 1990, nao waligombea jijini Kathmandu mwaka huo na kushindwa wote wawili. Mwana huyo ndiye huyu Prakash Man, ambaye kuanzia 2008 hadi 2022 alishinda Kathmandu-1 katika kila uchaguzi mkuu.

Bhandari alifariki Mei 1993 gari lao lilipotumbukia mtoni Dasdhunga. Katika uchaguzi mdogo wa mapema 1994, Bhattarai alirudi Kathmandu-1 kujaribu tena, na mara hii akashindwa na mjane wa Bhandari, Bidya Devi, ambaye baadaye alikuwa Rais wenu, kuanzia 2015 hadi 2023. Kushindwa huko kulichochea ugomvi ndani ya Congress, hadi wabunge wake 36 wakasusia kura bungeni mwezi Julai, Waziri Mkuu Girija Prasad Koirala, wa chama hicho hicho, akavunja Bunge, na nchi ikaingia uchaguzi wa mapema kabla ya mwaka kwisha. Wapiga kura wa kona moja ya jiji waliitikisa nchi nzima.

Sasa nije kwenye ombi. Machi 2018 Mahakama ya Juu ya Nepal iliamuru serikali iweke utaratibu wa Wanepali walio nje kupiga kura. Uchaguzi mkuu mzima wa 2022 ulifanyika, na utaratibu huo haukuwepo. Natambua ugumu wake: lazima nchi mwenyeji ikubali, na kuna maeneo bunge 165, kila moja na karatasi yake. Lakini tayari mnawaruhusu askari, watumishi wa uchaguzi na wafungwa kupiga kura ya uwiano, yaani ya chama badala ya mbunge wa eneo, wakiwa mbali na makwao, kwa hiyo mlango mmoja umeshafunguliwa.

Hofu yangu ni kwamba mtaishia kwenye mlango huo. Kura ya uwiano huchagua chama na hujaza viti 110. Ndiyo rahisi kusafirisha, na bila shaka ndiyo mtakayoanza nayo. Sisi Wakenya tulianza vivyo hivyo, na karatasi moja ya urais, na hadi leo sijawahi kumchagua mbunge nikiwa ughaibuni. Mwenzangu wa Baneshwor akipewa karatasi ya uwiano peke yake, zile kura 125 zitabaki palepale zilipo, na yeye hatakuwa na neno juu ya nani anamwakilisha mama yake anayeishi hapo kwa pesa anazotuma.

Kwa hiyo naomba Tume itangaze ratiba yenye tarehe: lini orodha ya wapiga kura walio nje itaanza kuandikishwa, ni balozi zipi zitaanza, na karatasi ya eneo bunge itaifuata ile ya uwiano katika uchaguzi upi. Mwenzangu mkataba wake unaisha 2025. Anataka kujua kama asubiri wino hapa au akate tiketi.

Wako mwaminifu,
Mlinzi wa usiku, Doha