Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nyaraka Zilizofuatwa Majumbani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imekutana kila robo mwaka kama katiba inavyotaka, hesabu zimekaguliwa, na Mweka Hazina atazisoma baada yangu. Mimi naomba muda wangu mwingi niutumie kulijibu swali mliloniuliza mkutano uliopita: nyaraka za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilianzaje?

Wengi wetu tulidhani zilianza na majalada ya ofisi. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikifundisha sheria tu; mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kwenye kampasi yake ya sasa. Chuo hakikosi masijala, na masijala haikosi karatasi. Lakini hazina inayowapandisha watafiti Mlimani, ile ya makusanyo ya Afrika Mashariki katika maktaba kuu, kwa sehemu kubwa haikuletwa na tarishi. Ilifuatwa ilikokuwa.

Katika miaka ya 1960, J.W.T. Allen, mtaalamu Mwingereza wa Kiswahili, alizunguka mwambao akitafuta miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikiwemo tenzi, yaani mashairi marefu. Tenzi hizo zilikuwa majumbani, mali ya familia, na wengine walizijua kwa moyo kuliko kwa karatasi. Ndiyo maana pamoja na miswada zilikusanywa kanda za sauti. Orodha ya mkusanyo huo ilichapishwa 1970, mwaka uleule ambao chuo, tarehe 1 Julai, kilitoka katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, muungano wa vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania, na kusimama peke yake. Zipo pia karatasi za Hans Cory, aliyeandika mila na sheria za Wasukuma, Wahaya na wengineo akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Anayezisoma azisome akikumbuka nani aliuliza na kwa nini aliuliza.

Linalonigusa zaidi ni la 1968. Idara ya Historia, kwa usimamizi wa akina John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi kwenda kuwasikiliza wazee waliovikumbuka Vita vya Majimaji. Pigeni hesabu nami: mtoto wa miaka 10 vita vilipoanza mwaka 1905, ifikapo 1968 ni mzee wa miaka 73. Mwanafunzi anakaa naye, anamwachia aseme kwa lugha yake, anaandika. Wangesubiri miaka kumi tu, wangekuta makaburi. Mpaka hapo habari za vita vile zilikuwa zimejaa katika ripoti za Wajerumani waliovizima. Baada ya hapo, sauti ya waliopigana nayo ikapata rafu yake.

Kwa hiyo kamati iliamua mwaka huu tusingoje watu waje. Tumewatembelea wanachama wenzetu nyumbani, hasa waliosoma na kufanya kazi chuoni miaka ya mwanzo. Kwa mama mmoja mstaafu tulitolewa sanduku la bati kutoka uvunguni. Ndani mlikuwa na jalada la mihtasari ya chama cha wanafunzi, pini zimeliwa na kutu hadi zimeacha alama nyekundu kwenye karatasi, na picha za mahafali ambazo nyuma hazina jina hata moja. Tulikaa naye mchana mzima. Alitaja sura moja baada ya nyingine, nasi tukaandika kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya na kuharibu picha. Wawili hakuwakumbuka. Alisikitika sana, akasema angeulizwa mapema kidogo asingewasahau.

Naomba mnivumilie niseme na hili. Nikiwa kijana kazini, niliwahi kuona majalada ya miaka mingi yakichomwa nyuma ya ofisi kwa sababu chumba kilihitajika. Nilisimama nikaangalia. Sikusema neno, na bado linanikaa rohoni.

Sasa maombi yangu kwa mwaka ujao. Mwenye karatasi nyumbani asizipange upya kabla hatujafika: mpangilio alioziacha nao mwenyewe ni sehemu ya habari yake, na mhifadhi atataka kuuona. Msizitie gundi wala selotepu. Ziinueni kutoka sakafuni, mbali na mchwa na unyevu. Msitupe kitu kwa kudhani hakina maana. Ratiba ya vipindi na risiti ya ada zina mtu atakayezitafuta. Kabla ya kukabidhi chochote, tutaandikiana hati inayosema nani katoa, na kama kuna asichotaka kisomwe sasa.

Katibu anayo orodha ya watakaotembelewa, na nafasi za robo ya kwanza bado zipo. Wenye wazazi waliozidi miaka 80 tafadhali waandikeni leo kabla hatujafunga kikao, watatangulia.