Usiuonee Huruma Mlangilangi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Nimefurahi mno kusikia umepata mche wa mlangilangi, ila tafadhali usiupande ukutani kabisa ati harufu iingie dirishani. Huo mti una mbio za kwenda juu. Ukiachiwa hupita mita 20, na maua yote yakawa huko wanakotua ndege. Sogea mita chache, upande unaotokea upepo wa jioni, penye jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Mzizi wake mkuu huzama sana na hautaki kusumbuliwa, kwa hiyo uhamishe ungali mdogo, na donge lake zima la udongo, kisha usiuguse tena.

Ninachohofia ni huruma yako, maana nakujua. Ukifika mita 2 hivi, kata kilele! Kule Komoro, wanakoulima kwa mafuta ya manukato, mashamba mazima yako hivyo: miti mifupi, matawi yamelazwa pembeni, mchumaji analifikia kila ua akiwa amesimama chini. Matawi yenyewe ni mepesi kuvunjika, basi ufupi unaukinga na upepo pia. Pogoa kila vichipukizi vinaponyanyuka. Hutakosa kivuli, kwani majani yake hayapukutiki kwa pamoja. Mwaka mzima uko kijani.

Maua yatakuja mwaka wa pili au wa tatu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ua likifunguka huwa la kijani, halina harufu ya maana, mtu akadhani kauziwa mti mwingine. Wewe subiri. Petali zake sita, nyembamba na zilizolegea, hugeuka manjano polepole kwa wiki 2 au 3. Lishike, ulichungulie ndani: ukiona doa la wekundu pale petali zinapoanzia, limepevuka. Lichume alfajiri, kwa sababu harufu hukolea usiku na jua likipanda hupungua.

Vitunda vyake vyeusi waachie ndege, japo mti ni wa ukoo mmoja na mstafeli. Ukitaka kuotesha mbegu zake, jiandae kungoja, huchukua wiki nyingi kuchomoza.

Kiangazi kikianza usiache kumwagilia, hasa mwaka huu wa kwanza. Na ukishindwa kuamua ukate wapi, niandikie kabla hujashika mkasi, uniambie kilele kimefika wapi na matawi yameanzia wapi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shoga yako