IPOA ikague pia simu zinazotwaliwa na polisi

Mhariri,

Albert Ojwang alipofia katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi, Juni 2025, baada ya kukamatwa Homa Bay kwa ajili ya chapisho la mtandaoni, IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi nchini Kenya, iliingia kituoni, ikahoji maafisa na ikabaini kuwa mitambo ya CCTV ilikuwa imechezewa. Kazi ya namna hiyo mamlaka inaimudu. Ila kesi nyingi za utapeli wa mitandaoni hazimwachi mtu na jeraha. Humwacha bila simu na bila laini, pengine bila akiba, na hapo jicho la raia juu ya polisi ni hafifu.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 iko wazi. Kifungu cha 48 kinamtaka mpelelezi awe na hati ya mahakama kabla ya kupekua data, na cha 49 aandike orodha ya alichochukua, kwa tarehe na saa, kisha mwenyewe apewe nakala. Orodha inayosema "simu moja nyeusi" haimsaidii yeyote. Iandikwe IMEI, yaani tarakimu 15 za kuitambulisha simu, zinazojitokeza ukibonyeza *#06# (simu ya laini mbili huwa nazo mara mbili), namba za laini zilizomo, kama simu ilikuwa inawaka, na jina la afisa aliyeipokea.

Simu ikiachwa hewani, mwenzake mshukiwa anaweza kuifuta yote akiwa mbali. Afisa akifungua WhatsApp "kuangalia kidogo tu", ujumbe ambao haukuwa umesomwa unaonekana umesomwa, na wakili wa utetezi atauliza ni nani aliyekuwa humo. Njia salama ni kuikata simu na mtandao mara moja, kutoa nakala kamili ya data, kuikokotolea nakala hiyo alama ya SHA-256 yenye herufi na tarakimu 64, na kuiandika siku hiyo hiyo. Kikibadilika kitu kimoja, alama haitalingana tena. Juu ya hayo, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya mhusika. Cheti kikikosekana, tapeli huenda nyumbani akicheka. Kwa hiyo mpelelezi anayenung'unika kwamba wakaguzi wanamchelewesha hajui anayemwokolea kesi yake.

Kuna pia barua zinazokwenda kwa kampuni za simu kuomba rekodi za mteja. Kifungu cha 50 cha sheria ile ya 2018 kinaweka amri hiyo mikononi mwa mahakama. Tunapendekeza kila miezi mitatu IPOA ichukue rejista ya maombi ya kituo, ya mahakama na ya kampuni, izilinganishe namba kwa namba. Namba iliyoko kwa kampuni lakini haiko mahakamani ndiyo ya kufuatilia. Pengine kuna afisa aliyekuwa akichungulia simu za mkewe. Kamishna wa Data naye aketi mezani, kwa kuwa IPOA haina mamlaka juu ya kampuni hizo.

Linalotukera zaidi ni deni la kawaida kuvishwa joho la jinai. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa ulaghai, kimegeuzwa fimbo ya kudai madeni. Dalili zake hazijifichi: kuna mkataba ulioandikwa, awamu mbili tatu zimekwisha kulipwa, mdai na mdaiwa wanafahamiana, kisha faili inafungwa "kwa maelewano" bila kumfikia kiongozi wa mashtaka. Na kukamata hufanywa Ijumaa alasiri. Kifungu cha 49 cha Katiba kinadai mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati korti zimefungwa, anasubiri siku inayofuata ya korti. Wikendi nzima selini inatosha kuwachangisha jamaa zake pesa. IPOA ihesabu waliokamatwa Ijumaa kwa kifungu cha 313, kisha iulize ni faili ngapi zilizofika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Yote haya yanahitaji IPOA iajiri watu wake wanaosoma ripoti za uchunguzi wa vifaa vya kidijitali. Kuiomba maabara ya DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, ijikague yenyewe ni kumpa fisi bucha. Upelelezi unaoendelea usiguswe. Faili zilizofungwa zinatosha kuanzia.

Anayetaka kulalamika aende na namba ya OB (daftari la matukio la kituo cha polisi), nakala ya orodha ya vitu vilivyotwaliwa, IMEI, na tarehe na saa ya kukamatwa. Kama alinyimwa orodha, hilo liandikwe kuwa lalamiko la kwanza.

Wasomaji wenu,
Mombasa