Haji, usiwajibu bado wale watu wa katuni

Yokohama, Jumapili usiku

Ndugu yangu Haji,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hali sikuulizi, sauti yako nimeisikia na hali yako nimeijua humo humo. Mimi mzima, baridi ndiyo inayonipiga. Nimekawia kukujibu siku kumi na moja kwa sababu tulikuwa na meli ya kupakia, na meli ikiwa bandarini hapa halali mtu. Mwambie Khamis gari yake ya Noah imeshapanda melini, na ule mkwaruzo wa mlango wa nyuma ni ule ule aliouona kwenye picha, asije akanipigia tena saa tisa za usiku.

Sasa lako. Ujumbe wako nimeusikiliza mara nne. Unasema wale jamaa wa studio wamekuita uwaimbie wimbo wa kufungulia katuni yao ya Kiswahili, wimbo wenyewe dakika mbili haufiki, jina lako halitokuwepo popote ila mwishoni kwenye maandishi yanayopita mbio, na wewe umewaambia utafikiri lakini moyoni umeshakataa. "Nimekaa na udi miaka sita kwa Mzee Khatibu, leo nikaimbe sungura?" Maneno yako hayo. Kwenye sungura nilicheka, kisha nikakaa kitako nikaona hapana. Usiwajibu bado. Nisikilize kwanza habari za mtu mmoja wa huku.

Anaitwa Ichirou Mizuki. Hilo ni jina la jukwaani, la kuzaliwa ni Toshio Hayakawa, mtoto wa Tokyo wa mwaka 1948. Nilimjua hivi. Desemba 2022, mwaka wangu wa kwanza hapa, watu wote wa yadi yetu ya magari tulikwenda kwenye karamu ya kufunga mwaka, na baada ya kula tukaingia chumba cha karaoke. Tuna msimamizi wetu, mimi namwita Mzee ingawa wakati ule alikuwa na miaka 56 tu, mtu ambaye tangu nifike sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "hiyo hapa, hiyo kule". Akashika maiki. Zikalia tarumbeta, na watu wote wakasimama. Wote, Haji, mpaka yule binti wa ofisini anayeona haya hata kusalimia. Wimbo ulipofika mwisho wakapiga ukelele mmoja, "Zeeetto!", ile herufi Z wanavyoitamka wao, wakaivuta mpaka pumzi zikawaishia. Mzee akakaa, akavua miwani, akafuta macho. Nikadhani ni vinywaji. Binti wa ofisini akaninong'oneza: aliyeimba wimbo ule kafariki mwezi huu huu.

Wimbo wa katuni! Katuni yenyewe ni Mazinger Z, roboti la chuma refu kama ghorofa, linaloendeshwa na kijana aliyekaa kichwani mwake, kazi ya mchoraji Go Nagai. Ilianza kuoneshwa tarehe 3 Desemba 1972, siku ya Jumapili. Mzee alikuwa na miaka sita. Ameniambia nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja na televisheni moja, na ule wimbo ukianza baba yake anayerudi kazini na ukali wake alikuwa ananyamaza na yeye. Miaka hamsini baadaye mtu mzima anatoa machozi kwa sauti ya mtu ambaye sura yake hakuijua utotoni.

Na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, kwa sababu Mizuki hakuanza na katuni. Alianza unavyotaka kuanza wewe. Mwaka 1968 alitoa sahani yake ya kwanza, wimbo wa kumuimbia mpenzi, na haukuuzika. Akahangaika miaka mitatu. Mwaka 1971 akaitwa aimbe wimbo wa katuni ya kijana wa zama za mawe, Genshi Shonen Ryu. Kazi hiyo wakati ule ilikuwa ya kuonewa haya, waimbaji wenye majina hawakuitaka. Ganda la sahani lilibeba picha ya katuni, uso wa mwimbaji haumo. Watoto waliujua wimbo neno kwa neno na mwimbaji wasimjue hata akipita mlangoni kwao. Unaona? Ni yale yale uliyonilalamikia wewe, kwa lugha nyengine tu na miaka hamsini nyuma.

Yeye akaingia, na akaingia mzima mzima. Baada ya Mazinger Z zikafuata Babel II, Great Mazinger, Steel Jeeg, Combattler V, Captain Harlock wa mwaka 1978, na nyimbo za Kamen Rider. Katika miaka ya 1970 alikuwa pia kaka mwimbaji wa kipindi cha watoto wadogo cha NHK, shirika la utangazaji la umma la huku, kile cha asubuhi ambacho mama na mtoto hukaa wakatazama pamoja. Hesabu ya nyimbo zake ilipita 1,200. Watu wakamwita Aniki, yaani Kaka. Wala hakusema hata siku moja kwamba hii ni kazi ya kupitia tu mpaka apate ya maana. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa ya maana.

Sikiliza hili, wewe unayesema sekunde tisini si wimbo. Tarehe 30 mpaka 31 Agosti 1999, kwenye ukumbi wa wazi kando ya ziwa Kawaguchi, chini ya Mlima Fuji, Mizuki aliimba nyimbo 1,000 kwa saa 24. Nimepiga hesabu kwenye karatasi ya risiti: saa 24 ni dakika 1,440, kwa hiyo kila wimbo una sekunde 86 tu, na humo humo anywe maji, humo humo ageuze karatasi ya maneno. Alikuwa na miaka 51. Wewe una 34 na juzi kwenye harusi ya Suleiman uliomba mapumziko baada ya nyimbo tatu. (Najua, najua, nyimbo zako zina dakika ishirini, na kumi za mwanzo ni nyuzi za qanuni peke yake.)

Mwaka uliofuata, 2000, akawakusanya waimbaji wadogo zake wa kazi hiyo hiyo wakaunda kundi la JAM Project. Mmojawao ni Hironobu Kageyama, na huyo unamjua bila kujua, kwa sababu ndiye aliyeimba wimbo wa Dragon Ball Z, ule uliokuwa ukiukosea maneno kwenye kanda za kina Suleiman. Kageyama alikuwa nyota akiwa na miaka 16 kwenye bendi ya vijana iitwayo Lazy. Bendi ikavunjika mwaka 1981, jina likazimika, akawa anafanya vibarua vya ujenzi ili aendelee kuimba. Kilichomrudisha ni wimbo wa kipindi cha watoto, mwaka 1985. Tena hata jina lake kamili hakulitumia, aliandikwa KAGE basi.

Lakini wacha Wajapani. Unamkumbuka binamu yangu Nasra wa Muscat, alipokuja Unguja mwaka ule akawa anaimba kitu jikoni mchana kutwa, Kiarabu cha kishujaa, akipiga sufuria? Ule ulikuwa wimbo wa Grendizer. Ni roboti jamaa yake Mazinger, ametoka kwa mchoraji yule yule Go Nagai, Waarabu wakalitafsiri Beirut, huko nje vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Aliyeimba kwa Kiarabu ni Sami Clark, Mlebanoni mwenye sauti kama ya kanisa kuu, mtu wa majukwaa makubwa, aliyeimba kwa lugha kadhaa. Mwulize Nasra amtajie wimbo mwengine wowote wa Sami Clark. Hatoujua. Ule mmoja hatousahau mpaka anaingia kaburini, na kama yeye ni Muscat nzima, Kuwait nzima, Baghdad nzima ya watu wa umri wake. Sami Clark na Mizuki wote wamezaliwa 1948, na wote wamefariki 2022, mmoja Februari na mmoja Desemba. Nilipoliona hilo nilikaa nikalitazama muda mrefu.

Nirudi kwenye sungura wako. Unadhani ni rahisi? Tangu siku ile ya karaoke nimeusikiliza ule wimbo wa Mazinger mara nyingi sana, nikiwa naosha magari, na mimi si mwanamuziki, utanirekebisha. Aliyeutia muziki ni Michiaki Watanabe, naye kaondoka mwaka huo huo 2022 akiwa na miaka 96. Humo hamna nafasi ya kupoteza. Ngoma na tarumbeta zinakukamata kabla hujakaa, mashairi yanakwambia shujaa ni nani na nguvu zake ni zipi, halafu kila kitu kinapanda kuelekea kwenye jina, na jina linatamkwa mwisho kabisa, na ile herufi inaachiwa ipae. Mizuki hakuiimba kitoto. Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Hakubana sauti, hakujifanya ana miaka mitano, aliimba kwa kifua chote kama anavyoimbiwa mtu mzima, na watoto wakaona wameheshimiwa. Wewe sauti hiyo unayo, yakhe. Ile uliyoitoa Forodhani mwaka ule umeme ulipokatika. Ukienda huko ukawaimbia kwa puani kama matangazo ya sabuni, basi bora usiende.

Na nikwambie kwa nini jambo hili linaniuma mimi niliye mbali na lisinihusu. Binti yangu Salma ana miaka mitano. Nikipiga simu asubuhi ya kwenu anakuwa mbele ya televisheni, ananiimbia nyimbo za katuni kwa Kiingereza ambacho si Kiingereza, sauti tu, hajui anasema nini. Hana hata wimbo mmoja wa Kiswahili alioupata kwenye kioo kile. Nilipousikia ujumbe wako, kabla sijafika kwenye malalamiko, nilichowaza ni kwamba Salma atausikia kila asubuhi wimbo ulioimbwa na mtu aliyeimba kwenye harusi ya baba yake. Asijue ni wewe, sawa. Mimi nitajua. Na siku moja, akishakuwa na umri wa Mzee wetu wa yadi...

Basi. Wamenigongea mlango, nimerudi.

Mizuki aliugua. Mwaka 2021 ile sauti ilianza kumgomea, na walipompima wakaona saratani ya mapafu, imeshafika mpaka kwenye ubongo. Mwaka uliofuata akawaambia watu wazi, na akaendelea kupanda jukwaani. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2022, kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na Mitsuko Horie, naye ni mkongwe wa nyimbo hizo hizo. Tarehe 6 Desemba akafariki, ana miaka 74. Mazinger Z alikuwa ametimiza miaka hamsini siku tatu kabla. Mtu aliyeambiwa uso wake hauna nafasi kwenye ganda la sahani, taifa zima lilimtangaza kwenye taarifa ya habari.

Sikwambii ukubali lolote watakalokupa. La malipo una haki ya kunung'unika, na kukulipa mara moja halafu wautumie wimbo miaka na miaka si sawa. Waombe mkataba wa maandishi, umpe mtu ausome kabla hujatia saini, na wimbo uusajili COSOZA, kule kwenye hakimiliki Zanzibar, kama ulivyosajili zile zako. Jina lako waliweke mwanzoni, chini ya wimbo, lisomeke. Wakikataa hilo nitakuelewa ukikataa na wewe. Lakini ukikataa kwa sababu ni sungura, hilo sitokuelewa, na Mzee Khatibu pia hatokuelewa, maana yeye mwenyewe si ndiye aliyekuwa akiwatungia watoto wa chuo kasida za maulidi na hachukui hata shilingi?

Sasa nijibu. Wamekupa mpaka lini? Mashairi kaandika nani, na je, Kiswahili chake ni kizima au ni kile cha kutafsiri? Wanataka kinanda cha mashine tu au watakuruhusu uingie na udi wako hata kwenye utangulizi? Ulimwuliza Bi Mwanakombo anasemaje? Maana najua umemwambia yeye kabla yangu. Koo lile lililokusumbua Ramadhani limepoa, au bado unakunywa tangawizi kwa jagi? Na Suleiman amerudisha ile spika yangu?

Nirekodie chochote, hata sekunde thelathini kwenye simu, bila ala. Uimbe hilo jina la sungura mwishoni, uliachie lipae. Nitamsikilizisha Mzee kesho wakati wa chakula, Kiswahili hakijui lakini hilo atalielewa.

Wasalimie wote. La Rukia na bi mkubwa tuliache, nitakupigia Ijumaa baada ya sala.

Nduguyo,
Ame